Jua ni lile lile, fundi ndiye hayupo

Mama mmoja anayeuza dagaa pale mwalo wa Kirumba, Mwanza, alinishika mkono asubuhi moja, kabla hata ya salamu kuisha. Alijua nafundisha baiolojia. Pembeni yake alisimama mwanawe wa miaka sita, kofia pana kichwani, shati la mikono mirefu, kanga imezungushwa shingoni. Uso wake ulijaa madoa meusi madogo madogo, kama mtu aliyerushiwa tope la barabarani likakauka. Midomo imepasuka. Macho mekundu, yanakwepa mwanga.

"Mwalimu, hospitali wamesema huyu si mwenye ualbino," aliniambia. "Wamesema DNA yake haijirekebishi. Nimeitikia tu, lakini sikuelewa. DNA inajirekebishaje? Na kama ya kwake haijirekebishi, nilikosea wapi?"

Swali la mwisho ndilo lililoniuma. Nilimjibu papo hapo kwamba hakukosea popote. Yale mawili mengine yanahitaji muda na utaratibu, na nimeona niyaandike kwa sababu si yeye peke yake anayeyauliza.

Tuanze na uzi wenyewe. Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako kuna DNA yenye urefu wa kama mita mbili, imekunjwa ndani ya kiini chenye upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Uzi huo una herufi nne tu, yaani adenini, thaimini, guanini na saitosini, ambazo tutaziita A, T, G na C. Umerithi herufi kama bilioni 3 kutoka kwa mama na nyingine kama hizo kutoka kwa baba. Mpangilio wake ndio maandishi yanayoiambia seli itengeneze protini gani.

Lakini DNA si uzi mmoja, ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na herufi zake hukaa kwa jozi zisizobadilika: A hukaa mkabala na T, G mkabala na C. Umbo hilo lilifahamika mwaka 1953. Watu hulisifu kwa sababu linaeleza jinsi seli inavyonakili maandishi yake. Mimi nalipenda zaidi kwa sababu nyingine: linaeleza jinsi seli inavyoweza kutengeneza kilichoharibika. Uzi mmoja ukiharibika, mwenzake bado anakumbuka. Penye A upande huu, fundi anajua bila kuuliza kwamba upande wa pili palikuwa na T.

Na kuharibika hakusubiri jua. Hapa ndipo wengi wetu tulifundishwa nusu. Tuliambiwa DNA ni imara kama jiwe la Bismarck la hapa Mwanza, imesimama majini miaka yote haitikisiki. Si kweli. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Sweden, Tomas Lindahl, alionyesha kwamba DNA huoza yenyewe polepole kwa sababu ya maji na joto la kawaida la mwili. Katika kila seli, kila siku, herufi zipatazo 10,000 za aina ya A na G hudondoka tu kutoka kwenye uzi. Herufi C nazo hupoteza kipande chake na kugeuka kitu kingine kinachoitwa yurasili. Oksijeni tunayovuta huacha makovu yake pia. Lindahl aliona kwamba kwa kasi hiyo uhai usingewezekana, isipokuwa kama kuna mafundi wanaofanya kazi bila kulala. Akaanza kuwatafuta. Mwaka 1974 alimpata wa kwanza: kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi maalumu ndani ya seli, kinachopita juu ya DNA, kikikuta yurasili kinaing'oa, ili wengine waje kuweka C mahali pake.

Mnamo 2015 Lindahl alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar. Modrich alieleza fundi mwingine, anayepita nyuma ya wanakili. Seli inapogawanyika inapaswa kunakili herufi zote hizo bilioni 6, na mnakili hukosea. Mwenyewe hujisahihisha kwa sehemu kubwa, kisha fundi huyu wa pili husahihisha karibu yote yaliyobaki. Wanaorithi hitilafu katika fundi huyo wana hali iitwayo sindromu ya Lynch, inayoongeza sana hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba. Ukisikia ukoo ambamo baba, shangazi na binamu wote walipata saratani ya utumbo kabla ya miaka 50, ni jambo la kumweleza daktari.

Sasa turudi mwaloni, kwa sababu mtoto yule hakukosa fundi wa Lindahl wala wa Modrich. Alikosa fundi wa Sancar.

Siku moja kule Igombe nilikaa na mzee anayeshona nyavu. Alikuwa na wavu wenye tundu la ukubwa wa kiganja. Badala ya kuanza kushona, alichukua kisu akaanza kulikata tundu likawa kubwa zaidi. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona unazidi kuharibu?" Akanionyesha nyuzi za pembeni, zimechanika nusunusu, zimelegea. Akasema fundo halishiki kwenye uzi uliochakaa, lazima kwanza ukate mpaka ufikie macho mazima ndipo uanze kufuma kwa kufuata yale yaliyo jirani.

Hivyo hivyo ndivyo seli inavyotibu jeraha la jua. Miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo macho yetu hayaioni, inapopiga DNA hufanya herufi mbili zilizo jirani kwenye uzi uleule zishikamane. Mara nyingi ni T na T. Hazijadondoka, hazijabadilika, zimegandana tu, lakini uzi unapinda pale na mashine ya kunakili ikifika inakwama. Huwezi kung'oa herufi moja ukaondoka. Kwa hiyo kuna protini inayopita ikitafuta mahali uzi ulipopinda. Nyingine huja kuhakikisha kwamba kweli kuna jeraha. Mbili zinafumua nyuzi pale zitengane. Kisha vikata viwili, kimoja kila upande, hukata kipande chenye herufi zipatazo 30 na kukitupa, kibaya pamoja na vizima vilivyo jirani. Pengo hujazwa kwa kusoma uzi wa pili, na mwisho kimeng'enya kingine hufunga fundo.

Sancar, ambaye alizaliwa Savur kusini mashariki mwa Uturuki na kufanya kazi ya udaktari huko kwao kabla ya kuwa mtafiti, ndiye aliyeichambua kazi hii hatua kwa hatua. Alianza na bakteria, na alianza na kitu cha ajabu zaidi. Bakteria wana kimeng'enya kinachotumia mwanga wa buluu kuzitenganisha zile herufi zilizogandana, bila kukata chochote. Mwanga unaharibu, mwanga unatengeneza. Samaki wengi wanacho, na mimea inacho. Sisi binadamu, pamoja na ng'ombe, mbuzi na wanyama wote wanaobeba mimba kwa kondo la nyuma, hatuna. Mababu zetu wa mbali sana walikipoteza. Tumebaki na njia ndefu ya kisu na sindano.

Ikitokea mmoja wa wale mafundi wa njia ndefu hayupo, ndipo tunapata ugonjwa wa mtoto yule. Jina lake la kitaalamu ni zeroderma pigmentosamu, maneno ya Kigiriki na Kilatini yanayomaanisha ngozi kavu yenye rangirangi, na madaktari hufupisha kuwa XP. Moritz Kaposi aliueleza huko Vienna katika miaka ya 1870, akiona madoa, ukavu na uvimbe, bila njia yoyote ya kujua sababu. Karibu miaka 100 ikapita. Mwaka 1968, huko California, James Cleaver alichukua seli za ngozi za wagonjwa na seli za watu wenye afya, akazimulika zote kwa miale ya urujuanimno, kisha akazipa herufi T zilizotiwa alama ya mionzi ili aweze kuzifuatilia. Seli za wenye afya zilizidaka zile T na kuzitumia kuziba mapengo. Seli za wagonjwa karibu hazikudaka kitu. Zilikuwa hai na zilikuwa zimejeruhiwa sawasawa na zile nyingine, ila hakuna aliyekuwa anashona.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha kwamba kuna ugonjwa wa binadamu unaotokana na kushindwa kukarabati DNA. Pia iliunganisha vitu viwili ambavyo hadi hapo vilikuwa vinaenda kila kimoja na njia yake: DNA isiyotengenezwa, na saratani.

Kilichofuata Uholanzi mwaka 1972 nakiona kama moja ya majaribio mazuri kuliko yote ya karne ile. Watafiti walichukua seli za wagonjwa wawili tofauti wa XP na kuziunganisha ziwe seli moja. Kila moja peke yake haikuweza kushona. Zikiwa pamoja, katika baadhi ya jozi, ziliweza. Fikiria wavuvi wawili, mmoja amepoteza kisu, mwingine amepoteza sindano. Kila mmoja ameshindwa kwake, lakini wakikaa mtumbwi mmoja, wavu unashonwa. Kwa njia hiyo ikajulikana kwamba XP si ugonjwa wa jeni moja, yaani sehemu moja ya DNA yenye maelekezo ya protini. Leo zinafahamika jeni nane. Saba, kuanzia XPA hadi XPG, ni za wale watafutaji, wafumuaji na wakataji niliowataja. Ya nane ni ya pekee: wenye hitilafu hiyo wanakata na kushona vizuri kabisa, ila wamekosa mnakili maalumu anayejua kupita juu ya T mbili zilizogandana na kuandika A mbili sahihi upande wa pili. Kwa kuwa hana, wengine wasio na ujuzi huo hujaribu, na hukosea.

Matokeo kwa mtoto ni mazito, na sioni faida ya kuyapunguza makali. Kwa wenye XP walio chini ya miaka 20, hatari ya saratani za kawaida za ngozi ni kama mara 10,000 ya ile ya wenzao. Asiyekingwa na jua anaweza kupata ya kwanza kabla hajafika darasa la nne. Macho huumia, kope huumia, ncha ya ulimi huumia, kila mahali mwanga unapofika. Na kwa takriban robo ya wagonjwa neva nazo hudhoofika taratibu, masikio yanaziba, mwendo unaharibika, ingawa jua halifiki kwenye ubongo. Sababu ni kwamba mafundi hawa wana kazi nyingine zaidi ya majeraha ya jua, na seli ya ubongo iliyokufa haibadilishwi na mpya.

Ugonjwa wenyewe ni adimu. Marekani na Ulaya hukadiriwa mtu 1 kati ya milioni 1, Japani hufika 1 kati ya kama 22,000. Lakini adimu si neno la kumwambia mama mwenye mgonjwa nyumbani.

Sasa hili la ualbino, maana kwetu huku Kanda ya Ziwa linachanganya watu kuliko yote. Tanzania ina watu wengi wenye ualbino, kiasi cha mtu 1 kati ya kama 1,400 kwa makadirio yanayotumika zaidi, na kila anayeijua Ukerewe anafahamu familia zao. Wao nao huungua, wao nao hupata saratani ya ngozi mapema. Mtu akimwona mtoto anayeharibiwa na jua anadhani ni jambo moja. Siyo. Mwenye ualbino amekosa melanini, rangi inayokaa juu ya viini vya seli za ngozi kama mwavuli na kuzuia miale isifike. Mafundi wake wa DNA wako salama, wanafanya kazi usiku na mchana, ila majeraha yanayowafikia ni mengi mno. Mwenye XP anaweza kuwa mweusi tii. Mwavuli anao. Jeraha dogo linalopenya chini ya mwavuli, ambalo kwako na kwangu lingeshonwa ndani ya saa chache, kwake linabaki, na la kesho linaongezwa juu yake. Mmoja amekosa paa, mwingine amekosa fundi wa paa.

Tofauti hii ina maana kwa kila siku ya maisha yao. Mafuta ya kuzuia jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa kwa ajili ya wenye ualbino pale hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na kofia na mikono mirefu, humpeleka mwenye ualbino mbali sana. Kwa mwenye XP hayo ni mwanzo tu. Hata mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha la kawaida unamdhuru, kwa sababu kioo huzuia sehemu moja ya miale na kuruhusu nyingine. Na hapa kwetu miale ni mikali. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, adhuhuri jua liko karibu na utosi mwaka mzima, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya kuichuja miale ni nyembamba kidogo kuliko Dar es Salaam. Mawingu ya masika hayazuii kiasi watu wanachodhani.

Naomba nisimame kidogo kwenye swali ambalo mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne aliwahi kuniuliza, maana liliniweka kimya darasani. Kama mwili una mafundi hodari hivi, kwa nini hawaitengenezi selimundu? Kwa nini hawaitengenezi hiyo jeni ya XP yenyewe?

Jibu liko kwenye zile jozi. Uharibifu na badiliko si kitu kimoja. Uharibifu ni kitu kisichotakiwa kuwepo kwenye DNA: yurasili, pengo, T zilizogandana, uzi uliokatika. Fundi akikigusa anajua. Badiliko ni herufi halali iliyoketi mahali pasipo pake, ikiwa na mwenzake sahihi mkabala. Katika selimundu ni herufi moja tu, A imekuwa T kwenye jeni ya himoglobini, na upande wa pili T imekuwa A. Jozi imekamilika. Fundi akipita haoni kasoro, kama vile msahihishaji wa tahajia asivyoweza kuligundua neno "paka" mahali ulipokusudia kuandika "paa". Uharibifu usiotengenezwa kwa wakati ukinakiliwa hugeuka badiliko, na kuanzia hapo hakuna wa kuurudisha. Ndiyo maana kasi ya ukarabati ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Na jeni ya XP iliyoharibika ni badiliko la zamani, lililotokea pengine vizazi vingi nyuma, likarithiwa kimya kimya.

Kimya kimya, kwa sababu ukiwa na nakala moja mbovu na moja nzima, huumwi. Watu wa Kanda ya Ziwa wanalielewa hili kwa selimundu: baba mzima, mama mzima, wote wamebeba, mtoto anaugua. XP hurithiwa vivyo hivyo. Kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata nakala mbovu mbili, na mimba iliyotangulia haibadilishi hesabu ya inayofuata. Nakala moja ilitoka kwa mama, nyingine kwa baba, kwa uzito uleule. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika na mwanamke akirudishwa kwao na mtoto mgonjwa mgongoni, kana kwamba damu ya mume haikuhusika. Ndoa za ndugu wa damu huongeza uwezekano, kwa kuwa ndugu huweza kubeba badiliko lilelile la babu mmoja. Basi. Hakuna mkono wa jirani, hakuna deni la mizimu, hakuna alichokula mama akiwa mjamzito.

Hadi hapa tumezungumzia majeraha ya uzi mmoja. Kuna lile baya zaidi, nyuzi zote mbili kukatika mahali pamoja. Hapo hakuna mwenzake wa kuuliza. Seli ina njia mbili. Ya kwanza ni kukamata ncha mbili na kuziunganisha haraka, hata kama herufi chache zitapotea. Ya pili, makini zaidi, ni kutafuta nakala nyingine ya maandishi yaleyale, ile iliyotoka kunakiliwa, na kuifuata. Protini za BRCA1 na BRCA2 hufanya kazi katika njia hii ya pili. Jeni zake zilipatikana mwaka 1994 na 1995, na mwanamke aliyerithi hitilafu katika mojawapo ana hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari.

Njia ya haraka ina hatari yake: ncha zikiwa nne, fundi anaweza kuunganisha zisizo za pamoja. Tunaoishi ufukweni huku tumeiona hatari hiyo usoni mwa watoto, ingawa hatukuijua kwa jina hilo. Limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya unaokua kwa siku chache, Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958, na mwambao wa ziwa uko ndani kabisa ya ukanda wake. Seli za kinga zinazotengeneza kingamwili hukata DNA yake zenyewe kwa makusudi, ili kuboresha silaha. Malaria ya mara kwa mara huzifanya zikate sana, na kirusi cha Epstein-Barr huzisaidia zilizokosea zisife. Siku moja kipande cha kromosomu ya 8, moja ya vifurushi ambavyo DNA imegawanyika, kinaunganishwa na kromosomu ya 14, na jeni ya kuhimiza seli igawanyike inaangukia mahali ambapo haizimwi tena. Mtoto huyu hakurithi kasoro yoyote. Ni kosa moja la kuunganisha, na habari njema ni kwamba dawa zinauponya uvimbe huu kwa watoto wengi wakiwahi. Hospitali ya Bugando inautibu.

Wapo watoto ambao kasoro yao ni ya kurithi, katika upande huu huu wa nyuzi kukatika, na kwao ndiko elimu hii inaokoa uhai. Mtoto mwenye ataksia telanjiektasia huanza kutembea vizuri, kisha akiwa na miaka miwili au mitatu anaanza kuyumba. Baadaye mishipa midogo myekundu huonekana kwenye weupe wa macho, na mafua na nimonia havimwachi. Amekosa protini ya ATM, kengele inayolia ndani ya seli pindi nyuzi zote mbili zinapokatika. Bila kengele seli haisimami, haitengenezi wala haijiui. Akipata saratani ya damu au ya tezi za limfu, jambo linalotokea mara nyingi kwao, na akapewa mionzi ya tiba kwa kipimo cha kawaida, mionzi hiyo inaweza kumuua, kwa sababu kazi ya mionzi ni kukata nyuzi zote mbili.

Vivyo hivyo anemia ya Fanconi, iliyoelezwa na daktari wa watoto wa Uswisi, Guido Fanconi, mwaka 1927. Hapa kilichokosekana ni mafundi wa kufungua nyuzi mbili zilizofungwa pamoja kama kwa misumari. Mtoto huwa mfupi, damu humwishia kwa sababu uboho unachoka, na mara nyingi kidole gumba kimepinda, ni kidogo au hakipo. Dawa ya siklofosfamidi, moja ya zile zinazotumika sana kutibu Burkitt, hufanya kazi kwa kupiga misumari hiyo. Kwa mtoto mwenye Fanconi kipimo cha kawaida ni sumu. Ndiyo maana daktari makini hutazama gumba kabla ya kuandika dawa, na ndiyo maana mzazi asione aibu kusema, "Daktari, huyu alizaliwa na kidole hiki, na kaka yake alikufa kwa kukosa damu."

Udhaifu uleule umegeuzwa kuwa silaha. Saratani iliyopoteza BRCA hubaki ikitegemea fundi mwingine wa akiba. Dawa iitwayo olaparibu, iliyoidhinishwa kwanza mwaka 2014, humzuia huyo wa akiba, na seli ya saratani hufa wakati seli nzima za mgonjwa, ambazo bado zina BRCA, zinaendelea.

Nilipomaliza kumweleza mama yule, kwa maneno machache kuliko haya, alikaa kimya akiwaangalia wanawake wanaogeuza dagaa mchangani. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na usiku je, mwalimu? Usiku anaweza kucheza?"

Anaweza. Ufaransa watoto hawa huitwa watoto wa mwezi, na Marekani ipo kambi ambayo watoto hulala mchana na kucheza usiku kucha. Mwanga wa mwezi ni wa jua ulioakisiwa, lakini miale ya urujuanimno iliyobaki ndani yake ni kidogo mno kuweza kumdhuru. Nilimwambia mchana amfungie mapazia mazito, amwombe daktari vitamini D kwa kuwa ngozi yake haitaitengeneza, ampeleke kuangaliwa ngozi na macho kila baada ya miezi michache hata kama haoni kitu, na kidonda chochote kisichopona kitolewe kingali kidogo. Shuleni akae mbali na dirisha na mlango. Taa nyeupe za LED hazina shida. Zile taa ndefu za mirija anaweza kuzikwepa au kuziwekea kifuniko.

Kisha nikakumbuka barabara anayopita kwenda kwake. "Mafundi wa kuchomelea vyuma," nikamwambia. "Ile cheche ya buluu ina miale ileile ya jua, na mikali kuliko ya jua. Hata iwe saa mbili usiku, usimpitishe hapo."

Akahesabu kwa vidole. Mafundi wako wawili, mmoja karibu na duka la dawa, mwingine kwenye kona ya bodaboda. Akasema ipo njia ya nyuma, ya chini, inayofuata maji, ambayo wavuvi wa dagaa huitumia jioni wakishuka na taa zao kwenye mitumbwi. Mwezi ulikuwa umeanza kuchelewa kuchomoza, giza lilikuwa linarudi, na wiki ile wavuvi wangetoka kila siku. Mtoto alikuwa ameshaanza kumvuta kanga, anataka kujua kama ni leo.